Kwa Nini Mama Yako Haonji

Kinampanda, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Elisifa,

Salamu nazikata fupi, maana tumeamkiana asubuhi hii na usiku wa leo tutalala nyumba moja. Wewe na baba yako mmekwenda Kiomboi kuchukua viatu. Niliwatuma kusudi. Viatu vingeletwa na fundi mwenyewe Jumapili akija kanisani, lakini wewe Jumapili hutakuwepo, na mimi nilitaka nyumba iwe tupu. Ukikaa mbele yangu ulimi wangu unakimbilia mambo ya sabuni na kuni.

Ya sabuni shangazi yako ameshakwambia. Ya wanaume amekwambia pia, nilimsikia kupitia ukutani, na mengine ameyaongeza chumvi. Mimi nina jambo moja tu, ila ni refu. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kinyiramba ningeanza kugomba kabla sijafika katikati, unanijua.

Unanijua mimi ni mtu wa shaka. Baba yako husema serikali ilikosea kutonipa kazi ya polisi. Mtu akinisalimu mara mbili, najiuliza ile ya pili ni ya nini. Ulipoleta habari kwamba daktari wa Dodoma anakuita ukajifunze kazi kwenye nyumba yake ya wagonjwa, wote walipiga vigelegele, mimi nikauliza, "Kwa nini wewe?" Ukakasirika. Ukasema, "Kwani mama, mimi siwezi kuchaguliwa?" Kisha ukatoka nje ukapepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Unaweza kuchaguliwa, mwanangu. Unasoma vizuri, unajua Kinyiramba, Kinyaturu unakisikia, na Kigogo utakiokota huko huko. Lakini huyo daktari namfahamu tangu hujaota meno, na yeye anakufahamu wewe. Hilo hukuwahi kuambiwa na mtu, kwa sababu niliwafunga midomo wote waliokuwa wanajua, na waliobaki hai ni wachache.

Nianzie kwenye kitu unachokijua. Unakumbuka siku ya kipaimara chako. Togwa ilikuwa imejaa mitungi miwili, watu wamekaa, na hakuna aliyekunywa. Kwetu mwenye kupika ndiye anayeonja kwanza. Anachota kata, anameza mbele ya macho ya watu, ndipo wageni wanapokea. Asipoonja, ana lake moyoni. Mimi nilisimama pale na kata mkononi nikaiweka chini. Tukamngoja baba yako arudi kutoka kufunga ng'ombe, aje aonje yeye. Watu wakatazamana. Wewe ulikuwa umevaa gauni jeupe na ulilia nyuma ya ghala, na jioni uliniuliza kama ni kweli wanayosema watoto wa jirani, kwamba mama yako ni mchawi. Nikakwambia kalale.

Basi jibu lako hili hapa.

Mjomba wako Kitundu, mdogo wangu tuliyeachiana ziwa, wakati wa vita ya Hitla alikwenda na Keya, jeshi la Mwingereza, mpaka Burma. Wewe unamfahamu kwa ile picha ya kofia tu. Alirudi na vipande vya bomu pajani. Hospitali ya jeshi walimtibu, na kwa maumivu walimchoma sindano ya mofini, asubuhi na jioni, kwa muda mrefu. Jeraha lilifunga. Kiu ya sindano haikufunga. Aliporudi nyumbani, na sindano hakuna, aliwapata watu mjini Singida wanaouza kasumba, yaani afyuni, kwa siri, na ng'ombe wa marehemu babu yako wakaanza kutoka zizini mmoja mmoja. Akikosa anatetemeka, anatapika, anajikunja kama mtu aliyekula mbegu ya sumu. Akipata anakaa kimya anautabasamia ukuta.

Kila mtu alikuwa na hakika yake. Mganga alisema ni mizimu ya watu aliowaua vitani, wamemfuata wanataka haki yao. Mzee wa kanisa alisema ni dhambi na uvivu. Bibi yako, mama mkwe wangu, alisema ukoo wetu ndivyo ulivyo. Daktari peke yake ndiye aliyesema hajui.

Alikuwa kijana wakati ule, mwembamba, shingo imeungua na jua. Serikali ilikuwa imemtuma kuangalia ugonjwa wa malale, akapiga hema karibu na kisima cha chini. Siku alipomwona Kitundu, malale ilisahaulika. Alikuwa anakaa naye anamhesabia miayo. Ndiyo, miayo. Anamtazama mboni za macho, anampima joto, anaomba damu kidogo kwenye chupa. Watoto walimwita Bwana Miayo. Wakubwa walimwita jina jingine, mumiani, mnyonya damu, na mtu akisema mumiani hapa kwetu hata mbwa hukaa ndani. Mimi nilikuwa wa kwanza kulisema, sikufichi.

Akasema ana njia ya kumtibu. Atampa dawa ya maji yenye kasumba ndani yake, kipimo kinachotosha asitetemeke, kisha kila wiki atakipunguza kidogo mpaka kiishe. Nikamwuliza, "Unamtoa mtu kwenye kasumba kwa kumpa kasumba?" Akasema ndiyo. Nikamwambia hata mlevi wa hapa angefurahia kutibiwa namna hiyo. Hakucheka. Alisema, "Mama, mtu aliyepanda mti mrefu, humwambii aruke. Unamshusha tawi kwa tawi."

Kitundu alikubali kutibiwa, lakini hakukubali kufa kwa mkono wa Mzungu. Hemani hakwenda. Dawa ilibidi niichukue mimi, asubuhi na jioni, kwenye kichupa chenye kizibo, niilete mpaka kitandani kwake. Siku ya kwanza aliiangalia ile dawa, nyeusi, inanuka kama majani yaliyooza, akanirudishia.

"Onja wewe kwanza, dada."

Nikaonja. Ningekataaje? Mdogo wako anaogopa sumu, wewe ndiye uliyeileta, utaratibu unaujua. Nililowesha midomo.

"Hiyo si kuonja," akasema. "Meza nikuone koo."

Nikameza. Ndipo akanywa. Ikawa hivyo kila siku, asubuhi na jioni, na kila siku alinitazama koo.

Sasa sikiliza, na ulitie akilini kwa sababu ya kazi unayokwenda kuifanya. Haikuja kama ugonjwa. Ilikuja kama nafuu. Mgongo uliokuwa ukiniuma tangu nikuzae uliacha kuuma. Nililala. Maneno ya bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa nayo mengi, yakawa yanapita juu yangu bila kutua. Nilidhani sala zangu zimejibiwa, nimekuwa Mkristo mpole. Baba yako alinisifu. Na wewe, uliyekuwa mtoto wa kulia tangu jua linazama mpaka majogoo, ukaanza kulala fofofo. Nilikusifu wewe pia.

Wakati huo Kitundu alikuwa hapati nafuu, maana sehemu ya dawa yake ilikuwa tumboni mwangu. Daktari hakujua. Alishangaa kwa nini kipimo kinachotosha watu wengine hakimtoshi huyu, akaongeza. Alipoongeza yake, akaongeza na yangu. Mimi sikusema kitu. Mwanzo sikusema kwa sababu niliona si neno, nani anamweleza mgeni kwamba ameonja chakula kabla ya kukitoa? Baadaye sikusema kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimeanza kufika hemani kabla daktari hajanawa uso. Nilikuwa nikitembea na kile kichupa njia nzima nakisikia kifuani. Shaka yangu, ambayo haikosi kazi hata kwa mchungaji, wakati ule ililala usingizi. Niliwashuku watu wote wa Iramba isipokuwa mimi.

Masika yakaja. Daktari alikuwa amekwenda Singida kuchukua dawa, na mto ukajaa nyuma yake. Gari halipiti, mtu hapiti. Kichupa kikaisha.

Kitundu alianza kwanza. Tulimzoea. Kisha nikaanza mimi. Machozi na kamasi bila mafua, vinyweleo vimesimama ngozi nzima kama kuku aliyenyonyolewa, miayo mpaka taya linauma, tumbo linakata. Miguu ilikuwa haitaki kutulia chini ya shuka. Nikasema ni homa, nitapona. Halafu wewe. Ulikuwa huna hata miezi sita. Ulilia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtoto yeyote, chembamba, cha juu, na ulikuwa unatetemeka kidevu. Nikikupa ziwa unanyonya unatapika. Na ulipiga miayo, mwanangu, mtoto mchanga, mmoja baada ya mwingine. Nilikushika nikakutazama, na hapo ndipo nilipojua, kabla hajaja daktari wala mganga. Sikuwa na nguvu ya kumwambia mtu.

Bibi yako alitoka nje akapiga yowe. Mzungu ametia sumu nyumba nzima. Wanaume wakakusanyika, wakasema hema lichomwe. Walikuwa bado wanatafuta kuni kavu, na masika kuni kavu haipatikani upesi, daktari alipotokea kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha ng'ambo, amevuka mto kwa kamba, matope mpaka mapajani. Akapita katikati yao kana kwamba hawaoni, akaingia ndani. Akamtazama Kitundu. Akanitazama mimi. Akakutazama wewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mzungu akikosa pa kuweka mikono.

"Nani alikunywa dawa hii?" akauliza.

"Yeye," nikasema. "Na mimi."

"Wewe kwa nini?"

"Nilikuwa namwonjea."

Nilimweleza kuonja ni nini. Akauliza, "Na mtoto?" Nikasema mtoto ananyonya. Akakaa chini, juu ya kinu, na bibi yako aliyekuwa mlangoni akaona kumbe mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi, mwanamume kukalia kinu chake.

Alikuwa na chupa mpya mkobani. Akapima kidogo, akanipa. Bibi yako akasema, "Aonje yeye." Wanaume nyuma yake wakaitikia, aonje. Na daktari alikataa. Alisema kwa Kiswahili chake kilichokatika katika, "Mimi sitaonja. Mama huyu anaumwa kwa sababu ya kuonja. Mtu mwingine asionje dawa hii hapa tena." Waliposikia hivyo walikuwa na hakika kwamba ni sumu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Lakini nilikuwa nimekushika unatetemeka. Nikanywa dawa isiyoonjwa na mtu, mara ya kwanza maishani mwangu, na wewe akakuwekea tone kwenye ncha ya kijiko.

Alitushusha tawi kwa tawi, sote watatu. Wewe ulikuwa wa kwanza kufika chini. Kijiko chako kilikuwa na maji matupu na wewe bado unakinyonya. Mimi nilichukua muda, na katika muda huo niliiba mara moja kutoka kwenye chupa ya Kitundu, na mara ya pili nilifika mlangoni nikarudi. Siyo kwa ushujaa. Baba yako alikuwa amelala upande wa mlango.

Siku moja nilimwuliza daktari kitu gani hasa kilitupata. Alisema kasumba inaingia kichwani, kwenye ubongo, na ubongo unaizoea, unajipanga upya kuizunguka, kama nyumba iliyoegemezwa kwa mti. Ukiung'oa ule mti ghafla nyumba inalala upande. Nikauliza ubongo upande gani, unafanyaje. Akasema, "Sijui. Hakuna anayejua bado. Mimi natafuta." Kisha akasema neno ambalo nimelitafuna miaka yote hii. Akasema, Kitundu ameua watu, wanasema ni mizimu. Wewe hukuua mtu. Wanasema ni dhambi, mtoto huyu ana dhambi gani? Ninyi watatu mmepiga miayo sawasawa. Kwa hiyo si mizimu na si dhambi. Ni mwili.

Na aliposema hivyo macho yaling'aa. Alifurahi, Elisifa. Mimi nikiwa nimelala kwenye jasho langu, mtoto wangu amekonda kama kijiti, yeye alikuwa amepata kitu alichokuwa akikitafuta. Alisema kweli, na huo ukweli ulinifaa, uliniondolea aibu ambayo ingeniua. Lakini nilimchukia kwa ile furaha, na kidogo namchukia hadi leo. Nilimwambia, "Umetupata." Hakunielewa.

Sasa habari ya Kitundu, nayo ndiyo inayoniuma kuliko ya kwangu.

Alipona. Daktari alipoondoka Kitundu alikuwa analima, amenenepa, anaimba kanisani sauti ya chini. Ukoo ukachinja mbuzi. Tukala, tukamwombea, mzee wa kanisa akasema lililokwisha limekwisha, na mimi nilishangilia kuliko wote. Tulimaliza ugonjwa kwa mbuzi. Hakuna aliyemwuliza tena, unalalaje, paja linakuumaje, nani unaonana naye ukienda mjini. Kumwuliza ilikuwa kama kusema yule mbuzi tulimla bure.

Mavuno ya pili baada ya hapo paja lilimrudia. Alikwenda Singida mara moja, akaenda mara mbili. Kisha alikuja kwangu asubuhi moja, nikiwa nachuma mlenda, akasimama ukingoni mwa shamba akapiga mwayo. Nilijua kabla hajafungua kinywa.

"Dada, imerudi."

Nikamjibu, "Mbuzi hachinjwi mara mbili."

Ndivyo nilivyomwambia. Mimi, niliyekuwa ninajua kilivyo. Nilimshuku kwamba amependa, kwamba ameitafuta mwenyewe, kwamba anataka kunivuta na mimi. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kweli zaidi, niliiogopa harufu yake. Hakugomba. Aliniambia, "Basi, shamba lako limependeza," akaondoka. Akaenda upande wa Itigi, akapata kibarua Mitundu kwa watu wa asali. Habari iliyotufikia baada ya kiangazi ilikuwa ya kaburi. Baba yako alikwenda kuliona. Mimi sikwenda.

Tangu siku hiyo siwezi kunyanyua kata nikaonja mbele ya mtu. Si kiapo, nisikudanganye. Nikiinyanyua namwona ananitazama koo.

Sasa turudi kwa daktari wako. Jumapili mbili zilizopita, ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, alikuja hapa. Nywele zimekuwa nyeupe, shingo ile ile. Watu wanasema Uhuru uko karibu na Wazungu wanafunga masanduku, yeye anasema atabaki mpaka afukuzwe. Baba yako alimpa kiti, mbali na kinu. Nikamwuliza mbele ya baba yako, "Unamtaka mwanangu kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya alichonyonya?"

Alijibu, "Vyote viwili."

Akasema kazi ipo kweli, kuna wagonjwa wa kasumba na bangi na pombe wanaletwa kutoka kila upande, na wauguzi hawasikii lugha zao. Akasema pia kwamba angependa kujua, kwa mtu aliyeonja angali mchanga, kama mwili unakumbuka. Angependa kukupima damu, kukuuliza maswali, kuona unavyolala, unavyosikia maumivu. "Nitamwuliza yeye," akasema. "Si wewe. Akikataa, kazi haipotei."

Nilimwuliza kama anaamini mwili unakumbuka. Akasema hajui. Kwa neno hilo nilimwamini kidogo, ndiyo maana kesho unaondoka. Lakini ameeleza vizuri mno kwamba kazi haipotei, na mtu akinieleza vizuri mno nashika mkoba wangu. Kwa hiyo mwulize mwenyewe mbele ya watu wawili wanaosikia, na mmoja awe Mwafrika mwenye cheo. Kisha ujibu unavyotaka. Ukikubali akupime, kubali kwa sababu umependa, usikubali kwa heshima. Ukikataa, usione umemkosea shukrani. Shukrani zangu nimeshamlipa, alihesabu miayo yangu akaipeleka alikoipeleka, na mimi sijui wangapi wamesoma habari za mwanamke mmoja wa Iramba.

Ningeweza kukuzuia usiende. Nililala na wazo hilo wiki mbili. Ungekaa hapa, ukaolewa, hungejua kitu. Lakini kabati za dawa ziko kila mahali siku hizi, na mgongo utakuuma na wewe ukishazaa. Ni bora ukutane na hicho kitu ukilijua jina lake.

Mimi sijui kama kina njia kwako iliyo fupi kuliko kwa wengine. Labda hakuna kitu. Ulivunjika mkono ukiwa mdogo ukapewa vidonge, nikavihesabu kila siku kwa siri, nikakutazama macho, hukuomba zaidi. Ndiyo maana nilikuwa nakuamsha usiku siku zile, ukadhani nakuonea. Hata sasa ukipiga mwayo kanisani moyo wangu unashtuka, na wewe ni mahubiri tu yamekuchosha.

Huko utakakokwenda washuku watu. Huwezi kujifunza kuacha, umezaliwa na mimi. Mshuku mgonjwa anayekusifu sana siku ya kwanza. Mshuku mganga mwenye hakika, wa mitishamba na wa koti jeupe. Shuku kitu chochote kitakachokuja kama nafuu tupu. Na siku ambayo utakuwa umewashuku wote isipokuwa nafsi yako, kaa chini.

Lakini kuna mtu mmoja usimshuku. Ni yule aliyepona, mkamwimbia, akaondoka, kisha mnamwona asubuhi moja amesimama mlangoni amerudi. Wenzako watasema tulishamtibu huyu. Daktari mwenyewe, akiwa amechoka, anaweza kusema hivyo. Wewe mfungulie. Mwambie aketi, mwulize analalaje, paja linamwumaje. Mara ya pili, mara ya saba, mfungulie. Sikuombi kitu kingine kwa malezi yote niliyokulea.

Nawasikia mnakuja, baba yako anakohoa kwenye njia kama kawaida yake ili nisishtuke. Viatu najua vitakubana, fundi yule simwamini.

Barua hii uisome usiku wa leo, kisha nitaishona kwenye pindo la kanga yako ya bluu. Usiitoe kwenye basi, wa Manyoni wanapenda kuchungulia. Kesho asubuhi majirani watakuja kukuaga njia panda, hata wale walioniita mchawi, hao hasa. Nimepika togwa mtungi mzima. Baba yako atanyoosha mkono kuchukua kata ya kwanza, na nimeshamwambia aache. Nitaonja mimi, mbele yao, nimeze, kisha nikupe wewe. Nitazame koo, mwanangu, halafu unywe.

Mama yako,
Rebeka